Laini ya Watu Tisa

Nyinyi vijana mtakaoshika karatasi hizi, kaeni chini kwanza. Najua mmezoea kusoma mkitembea, na mkiona paragrafu ndefu mnaruka. Hii msiruke. Sikusoma sana, nilifika darasa la tatu nikatolewa, lakini kalamu naijua, na nikiandika kitu nimekiona. Juzi vijana wa kampuni ya intaneti walichimba mtaro mbele ya geti langu hapa Nyeri, wakakata nepia yangu, majani ya ng'ombe, bila kuuliza, nikatoka kuwagombeza. Mkubwa wao, kijana mwenye kofia ya manjano, akanieleza kwa heshima. Ati ndani ya ule mpira mweusi kuna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, ati maneno yanapita humo yakiwa mwanga, na huko mjini kuna kisanduku kinachopokea maneno ya watu wote na kumpelekea kila mtu yake kabla hujapepesa jicho. Nikamuuliza, "Na wakiongea wote pamoja?" Akasema, akiniita nyanya kwa Kikuyu, "Nafasi iko ya kutosha, cucu. Na hakuna mtu katikati." Nilimpa chai, maana hakuwa na kosa. Wiki hiyo hiyo nikaletewa habari kutoka Mwea kwamba Priska, niliyefanya naye kazi ya simu zamani, amefariki na amezikwa, na mimi sikuambiwa mapema. Ningeambiwa kwa nini? Basi nikatafuta daftari. Mtu katikati alikuwa mimi. Kijana wa kofia ya manjano hangeweza kujua.

Mambo ya baba na mama na kuku wa nyumbani sitaandika, kila mtu alikuwa na mama. Ninaandika mwaka mmoja tu, miaka michache baada ya bendera ya uhuru kupandishwa, na chumba kimoja nyuma ya posta, katika mji mdogo kati ya Nyeri na Nanyuki. Jina la mji silitaji kwa sababu watu wake wengine bado wako. Chumba kilikuwa na dirisha moja linaloangalia mlima, lakini mlima tuliuona asubuhi tu, ukishafunikwa umefunikwa. Kulikuwa na harufu ya nta ya sakafu na ya zile betri kubwa za vioo zilizokaa kwa rafu, harufu inayokukamata kooni. Ukutani kulisimama bodi ya simu, mbao nyeusi yenye matundu, na juu ya kila tundu kifuniko kidogo cha shaba chenye namba. Mtu akizungusha mkono wa simu huko kwake, kifuniko chake kinaanguka, tak. Opareta anachukua waya wenye plagi, anachomeka, anauliza namba, anachukua waya wa pili, anachomeka kule kunakotakiwa, anapiga kengele. Wakimaliza, anang'oa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yote. Kile kisanduku cha mjini kinafanya hiyo hiyo.

Mimi nilikuwa wa kupiga deki na kupika chai. Nililala stoo, kati ya magunia ya barua na ndoo zangu. Viti vilikuwa viwili mbele ya bodi, vya mgongo mrefu, na nilivifuta kila siku bila kuvikalia. Kimoja kilikuwa cha Priska. Alikuwa msichana wa fomu tu, yaani kidato cha pili, mwenye Kiingereza cha kukunja ulimi, na miguu mirefu ambayo watu wa posta walikuja kuiangalia wakijifanya wananunua stampu. Cha pili kilikuwa cha opareta aliyehamishwa Nanyuki, na hakuletwa mwingine. Priska alichoka. Siku moja akaniita nikiwa nimepiga magoti na tambara langu. "Wangeci, wacha hiyo sakafu, imeshakuwa safi kuliko sahani. Kuja ukae hapa nikakojoe." Nikakaa. Aliporudi alikuta nimeunganisha simu tatu. Nilikuwa nimewasikia miezi mingi nikipiga deki, namba zote zilikuwa kichwani. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Na mimi nilienda shule ya nini?" Tangu hapo tukawa wawili. Mkubwa wa posta alijua, akanyamaza, kwa sababu kazi ilienda. Mchana tulikula githeri, mahindi na maharagwe, kwa sufuria moja, kila mtu na kijiko chake, huku jicho liko kwa bodi, na kifuniko kikianguka, aliye na mdomo mtupu ndiye anajibu. Sijawahi kula chakula kitamu kama kile. Kiti kina mgongo, unaegemea, unakula, unafanya kazi ya akili. Nilijiambia, sitapiga magoti tena mbele ya sakafu ya mtu.

Sasa niwaeleze laini ya Msituni, maana bila hiyo hamtaelewa. Watu wa mjini kila mmoja alikuwa na waya wake. Lakini ule waya uliopanda kuelekea msitu ulikuwa mmoja, na simu tisa zimeshikizwa juu yake kama nguo juu ya kamba. Kliniki, nyumba ya chifu, kiwanda cha mbao, shule, kiwanda cha kahawa, duka la Mzee Kariuki, na wengine watatu. Kila mmoja alikuwa na mlio wake, huyu mirefu miwili, yule mrefu mmoja na mifupi miwili. Lakini ukilia kwa mmoja unalia kwa wote, na wote wanajua unamlilia nani. Basi wanainua simu polepole, wanafunika mdomo, wanasikiliza. Hakukuwa na redio nyingi. Hiyo ndiyo ilikuwa redio yao. Na ubaya wake ni huu, kila simu inayoinuliwa inakula nguvu ya waya. Wakisikiliza wawili, sauti inapungua. Wakisikiliza sita, unasikia kama mtu anayeongea akiwa chini ya maji. Wenyewe hawakujua. Walidhani simu ni ya serikali na serikali ni mbovu.

Mimi niliwajua bila kuwaona. Kwa bibi ya chifu kulikuwa na kuku ndani ya nyumba. Kwenye mbao, msumeno. Mwalimu alikuwa na kikohozi. Na kwa duka la Mzee Kariuki, pale kwenye baraza, kulikuwa na fundi wa nguo aliyeitwa Nyawira, na huyo ndiye aliyekuwa mwizi mkubwa wa maneno ya watu. Aliweka simu kati ya sikio na bega, akaendelea kushona. Nilisikia cherehani yake nyuma ya kila habari ya kijiji, inakwenda, inasimama pale habari inaponoga, inakwenda tena. Basi nilianza kuwafukuza. "Mama chifu, weka simu chini, kuku wako wamenisalimia tayari." Kluk, anaweka. "Mwalimu, kunywa dawa, halafu weka chini." Kluk. "Nyawira, hiyo rinda ni ya nani unaharibu ukisikiliza?" Naye, bila haya, "Ni yako, Wangeci, kuja nikupime." "Weka chini!" "Naweka, naweka. Lakini uniambie baadaye huyo mwanamume alimjibu nini." Kluk. Na sauti inarudi, safi. Walinitii. Hata chifu mwenyewe, aliyekuwa akiogopwa na kila mtu, nilimwambia aweke akaweka. Pale ambapo laini ilibaki dhaifu hata baada ya kuwafukuza, mvua ikinyesha kwa mfano, niliyabeba maneno. Mtu wa msituni ananiambia mimi, mimi namwambia wa Nyeri, wa Nyeri ananijibu, narudisha. Nilibeba habari za misiba, za mahari, za mbolea, na moja ya mapenzi ambayo nilibeba nikiwa nimefumba macho. Priska hakuweza hiyo kazi. Akiwafukuza walimwuliza, "Na wewe ni nani?"

Nyawira sikuwahi kumwona uso mpaka leo. Lakini mwaka ule alikuwa rafiki yangu. Saa za mchana, simu zikiwa chache, alizungusha mkono wa simu ya Mzee Kariuki bila ruhusa. "Opareta, hakuna namba nataka. Nataka kuongea tu." Alikuwa na mimba ya kwanza. Aliniambia mtoto anampiga teke kila akikanyaga cherehani, ati anataka kazi ipumzike. Waliosikiliza wakacheka, nikajua wako wangapi. Walimpenda sana. Hilo mlikumbuke.

Halafu ikaja habari kwamba Nyeri inawekewa mashine ya kujiunganisha yenyewe, na posta ndogo kama yetu zitafungwa bodi. Opareta wachache wangechukuliwa Nyeri kwa simu za mbali, na kutoka kwetu mmoja tu. Mkubwa wa posta akatuita wote wawili. "Inspekta anakuja kutoka Nairobi. Atawapima kwa kazi, haulizi cheti. Anataka mambo mawili, haraka na kanuni. Wangeci, hiyo mdomo yako ifunge. Hakuna kuita mtu jina, hakuna kugombana, hakuna kubeba maneno. Laini ikiwa dhaifu unasema jaribu baadaye, unang'oa, unajibu mwingine. Umesikia?" Nikasema nimesikia. Priska akanifundisha yale maneno machache ya Kiingereza, namba plizi, na mengine, tukirudia huku tukimenya ngwaci, viazi vitamu. Hakuwa na wivu. "Wewe ndiye mwepesi," alisema. "Mimi nitaolewa." Lakini nilimwona usiku wa Jumapili akinyoosha sketi yake nzuri kwa pasi ya makaa, nikajua naye anakitaka kile kiti. Mimi nilikitaka zaidi. Bodi ikifungwa, yeye ana kidato chake cha pili. Mimi nina tambara.

Inspekta alikuwa Mwafrika mwenzetu, mwenye soksi nyeupe ndefu na saa ya kusimamisha kwa kidole. Nilikuwa nimekaanga mandazi alfajiri. Akayaangalia, akasema atakula kazi ikiisha. Akasimama nyuma yetu. Vifuniko vikaanza kuanguka, na mimi, sijisifu, nilikuwa moto. Mikono ilijua njia. Nikasikia kalamu yake ikiandika, na kila ikiandika nilikaa wima zaidi. Halafu kikaanguka kifuniko cha laini ya Msituni. Nikachomeka. "Namba, plizi." Sauti iliyokuja ilikuwa ya chini kabisa, ya Njogu, dresa wa kliniki, yule wa kufunga vidonda. Nilipata maneno matatu. Misheni. Nyeri. Damu. Nikamuunganisha na hospitali ya misheni, nikapiga kengele, wakashika. "Haloo? Haloo? Ni nani? Hakuna mtu hapa." Nami nilisikia kila kitu kilichokuwa juu ya ule waya. Kuku. Msumeno uliosimamishwa ghafla, maana ulikuwa unanguruma ukanyamaza. Kikohozi. Mtoto wa mtu analia. Walikuwa wameinua wote. Cherehani haikuwako. Nikajua mgonjwa ni nani, na nikajua pia kwa nini wameinua wote. Walitaka kusikia kama atapona.

Ilihitajika nifungue mdomo tu. Mama chifu, mwalimu, wewe wa mbao, wekeni. Ni muda wa kumeza mate mara mbili. Nyuma yangu saa ya inspekta ilikuwa inatembea. Nikasema kwa Kiingereza kile nilichofundishwa, kwamba laini ni mbovu, ajaribu baadaye. Nikang'oa. Kalamu ikaandika.

Kikaanguka tena. Nikachomeka, nikasema, nikang'oa. Priska akanigusa na kiwiko, akanong'ona kwa Kikuyu niwafukuze, wananijua mimi. Niliangalia mbele. Sikuangalia pembeni hata kidogo, ndiyo maana nakumbuka vizuri sana ule msumari uliokuwa juu ya bodi, wenye kutu, usioshika kitu. Kikaanguka mara ya tatu, na Priska akanyoosha mkono juu ya mkono wangu, akachomeka waya wake. "Tokeni kwa laini!" akapiga kelele. "Kuna mgonjwa!" Mungu amsamehe, lilikuwa neno baya kuwaambia. Hata waliokuwa hawajainua waliinua. Nikasikia mmoja akiuliza, "Na huyo ni nani?" na mwingine, "Ni mgonjwa gani? Ni Nyawira?" na sauti ya Njogu ikazama kabisa. Inspekta akaweka mkono begani mwa Priska. "Simama, dada. Umemaliza." Priska akasimama. Hakumwangalia yeye, aliniangalia mimi. Alingoja. Nami nikachukua simu ya duka la unga la mjini, nikaiunganisha vizuri, kwa haraka.

Inspekta aliposimamisha saa yake alisema, "Vizuri sana," akaenda na mkubwa wa posta kunywa chai. Mlango haujafungwa nilikuwa nimeshachomeka Msituni. "Mama chifu, weka. Mwalimu, weka. Wa mbao, weka. Mzee Kariuki, nawe pia, weka." Kluk, kluk, kluk, kluk. Sauti ya Njogu ikaja kama yuko chumbani. Nikabeba maneno yake mpaka misheni, na Landrova ikatoka. Haikuchukua muda wowote. Ndiyo sababu sijawahi kupata la kujitetea, haikuchukua muda wowote.

Dereva wa ile Landrova alipita posta jioni akiomba maji ya rejeta. Nilimpelekea ndoo. Alisema, bila kuulizwa, "Tumechelewa kidogo tu. Tumemkuta bado na joto, yeye na mtoto." Akafunga boneti, akaenda.

Mngedhani nililaumiwa. Hakuna aliyenilaumu. Siku ya nne Njogu alishuka kwa baiskeli na mayai yaliyofungwa kwa majani ya migomba, akaninunulia na soda. Alikuja kushukuru. Alikaa kwenye ndoo yangu iliyopinduliwa, mtu mzima mwenye koti jeupe, akasema, "Wangeci, bila wewe hata Landrova haingekuja. Wale wengine wa hapo posta walinikatia simu tu." Hakujua kwamba aliyemwambia ajaribu baadaye kwa Kiingereza ni mimi, hakuitambua sauti yangu katika lugha ile. Akaendelea, "Wanaume wanne walikuwa pale na machela tangu asubuhi. Wangemfikisha barabara ya lami, wakapata lori. Mimi ndiye niliwaambia wangoje. Niliwaambia simu itaingia sasa hivi, Wangeci yuko." Nikamwambia pole. Mayai niliyapika, nikayala. Kama ningeyatupa ningekuwa nimekiri, na barua ya Nyeri ilikuwa haijafika.

Ilifika. Ilisema mimi ni mwepesi na mtiifu kwa kanuni. Mkubwa wa posta aliisoma kwa sauti, na Priska alikuwa anafunga sanduku lake. Aliniachia kijiko chake cha githeri na kioo kidogo, akaniambia, "Ukae vizuri." Hakusema lingine. Siku ya kuondoka nilipokea simu moja ya mwisho kutoka Msituni, ya bibi ya chifu. Alitaka kuagiza sukari tu. Akauliza, "Wangeci, mbona siku hizi hutufukuzi?" Nikasema, "Namba, plizi."

Nimekaa Nyeri kwenye kiti cha mgongo mrefu miaka mingi. Kiti hicho ndicho kilichowasomesha wazazi wenu, na nyumba mnayolala mkija likizo ilitoka hapo, kwa hiyo msije mkasema cucu alijutia kila kitu. Sijui kama ningekiacha. Hilo ndilo jambo ninalolichukia zaidi, kwamba hata leo nikiwa peke yangu jikoni nikijiuliza, sijui. Mashine ilipoanza kazi wenzangu walinuna, wakasema inachukua chakula chetu. Mimi niliifurahia. Mashine haina sikio. Haisikii cherehani imenyamaza.

Priska nilimwona mara moja tu, sokoni Karatina, amekaa nyuma ya magunia ya mchele, amenenepa, kitambaa kichwani. Aliniona kwanza. "Namba, plizi," akasema, tukacheka kama zamani, tukashikana mikono, na cheko likaisha mikono bado imeshikana. Nikaanza, "Priska, siku ile..." Akatoa mkono wake. "Siku ile mimi niliongea nao wakanikataa. Wewe hukuongea. Usiniombe msamaha mimi, Wangeci. Mimi sikufa." Halafu akachukua kopo la kupimia. "Sasa, uko na haja ya pishori ama hii ingine?" Nikanunua pishori. Alinipimia vizuri, akanijazia na ya juu, kama mteja yeyote.

Sasa amekwenda, na hakuna mwingine aliyekuwa ndani ya chumba kile. Ningenyamaza ingekuwa imekwisha. Lakini mwaka juzi mke wa mjukuu wangu alishikwa na uchungu kabla ya wakati, hapa hapa bomani, asubuhi, na nilipotoka jikoni nilikuta wanaume watano wamesimama uani, kila mmoja na simu sikioni. Mmoja anaita teksi, mmoja anaita ambulansi, mmoja anamwita dadake nesi aulize nini kifanyike, wawili sijui wanamwita nani. Msichana ameshika nguzo ya varanda, anauma kanga. Wote walikuwa wanampenda, niliona kwa nyuso zao. Nikawapiga kelele ambayo sijapiga tangu ujana wangu, kila mtu kwa jina lake, mpaka majirani wakatoka. Jioni, msichana akiwa salama hospitalini, niliwakalisha wote sebuleni, wakubwa kwa wadogo, nikawapa amri, na hapa naiandika ili asiwepo wa kusema hakuambiwa:

"Mwanamke akishikwa na uchungu katika boma hili, hakuna kungoja jibu la mtu. Ng'oeni mlango wa stoo, mlazeni juu yake, mumbebe mpaka barabarani. Mtapiga simu mkiwa mmembeba."